Wazazi Wasubiri Nje

Jumatatu, 21 Oktoba

Nimefika. Basi kutoka Chimala lilinishusha Iringa saa saba mchana, upepo ukanijaza vumbi machoni, nikapanda bodaboda na godoro limefungwa nyuma yangu. Getini mlinzi aliniamkia, akaniuliza binti yangu yuko wapi. Nikamwambia yuko Chimala, kidato cha pili. Alinitazama kidogo, akaona bora afungue geti tu.

Ukumbini karani wa usajili alikuwa anatangaza: "Wazazi wasubiri nje, tunaanza na wanachuo." Nikatoka. Sijui kwa nini, miguu ilitoka yenyewe. Nilikaa kwenye benchi na wazazi wengine karibu nusu saa, tukajadili kama mvua zitachelewa mwaka huu, mpaka niliposikia jina langu linaitwa mara ya tatu. Mama mmoja aliyekuwa pembeni yangu akaniambia nimwite mwanangu haraka kabla hawajamruka. Nikamshukuru, nikaingia.

Nina miaka arobaini na miwili. Mimi ni mwanachuo wa mwaka wa kwanza, Uuguzi na Ukunga.

22 Oktoba

Chumba kina vitanda vitatu. Cha dirishani ni cha Happy, miaka kumi na tisa, mtoto wa Mbeya mjini, anaongea tangu anaamka. Cha katikati ni cha Rozalia, miaka kumi na minane, kutoka Nyololo, Mbena, yeye haongei kabisa. Walipoambiwa mimi ndiye wa kitanda cha mlangoni, Happy alisimama akavua heleni, kama vile matroni ameingia kukagua. Ilibidi nimwambie azivae tu.

Jumapili, 27 Oktoba

Baada ya ibada Happy aliniuliza bila kuzunguka: "Maza, samahani, ila umekuja kufanya nini huku?"

Nikamweleza. Nimekuwa mhudumu wa afya kwenye zahanati moja kwa miaka kumi na minane. Kufagia, kuchemsha vifaa, kusafisha vidonda, kushika wanawake wanapojifungua, na sindano pia, kwa sababu mganga akiwa mmoja na wagonjwa sitini, mhudumu hachagui kazi. Wauguzi wapya wakiletwa, mimi ndiye niliyewaonyesha kila kitu kilipo na kila kitu kinavyofanyika. Watano nimewapokea hivyo. Baada ya miezi mitatu kila mmoja alikuwa bosi wangu. Wa mwisho alikuwa na miaka ishirini na tatu, na siku moja aliniambia, kwa adabu kabisa, kwamba nisiguse tena sindano kwa sababu sina cheti. Alikuwa sahihi. Nilikwenda nyumbani nikamwambia mume wangu Gwakisa kwamba narudia mitihani ya kidato cha nne. Ilinichukua miaka miwili kupata Biolojia, Kemia na Fizikia. Fizikia nilikaa mara mbili.

Happy alisikiliza mpaka mwisho, akasema sasa amepata picha. Tangu leo ananiita Da Esnath. Rozalia alikuwa amelala ameelekea ukutani, lakini najua alikuwa anasikiliza.

4 Novemba

Masomo yote ni kwa Kiingereza. Naelewa neno moja, manne yananipita.

5 Novemba

Naelewa mawili.

8 Novemba

Mwalimu wa Fiziolojia aliingia akakuta darasa linapiga kelele, akanitazama mimi akauliza kwa nini siwatulizi wenzangu. Nikasema na mimi nilikuwa napiga kelele. Darasa zima lilicheka, na yeye akacheka. Nadhani leo ndiyo nimesajiliwa kweli.

Alhamisi, 14 Novemba

Jaribio la kwanza la Anatomia limerudi. Nimepata thelathini na moja kwa mia. Rozalia amepata themanini na nane, ameikunja karatasi yake akaificha chini ya mto ili nisiione.

Kinachonichoma ni kwamba vitu hivi navijua. Nimeshika mifupa iliyovunjika kwa mikono yangu. Ila mfupa niujuao kama bega la Mzee fulani aliyeanguka kwenye trekta, huku una jina la Kilatini na mashimo yake yana majina pia.

Gwakisa alipiga simu kuuliza maharage yanachemka muda gani. Sikumwambia habari za jaribio.

Jumatano, 20 Novemba

Nimecheka leo hadi mbavu zimeuma, na naandika kabla sijasahau.

Happy alichoka kunisikia nalalamika, akakata karatasi vipande vidogo, Rozalia akaandika majina ya mifupa kwa mwandiko wake ule wa kupendeza, wakaanza kunibandika mwilini kwa gundi ya karatasi. Goti, kiwiko, mbavu, paji la uso. Rozalia anataja, mimi nagusa. Nikikosea, narudia kuanzia kichwani. Huyu mtoto asiyeongea, kumbe akifundisha anakuwa mkali kuliko mkufunzi. Saa nzima tulikuwa hivyo, na kwa mara ya kwanza majina yakaanza kukaa.

Kengele ya chakula ikalia. Nikabandua karatasi zote, nikaenda kupanga foleni ya ugali. Watu wakawa wananipita wanatabasamu, wengine wanaamkia kwa furaha ya ajabu, nikadhani ni upendo tu. Nimekula, nimeosha sahani, nimezungumza na mwalimu wa malezi kuhusu maji ya hosteli. Ni mpishi ndiye aliyeniita pembeni akaniuliza, "Mama, skapula ni nani, mbona umemwandika mgongoni?"

Mfupa huo wa bega sitausahau mpaka naingia kaburini.

29 Novemba

Mvua ya kwanza. Imenyesha saa kumi jioni, harufu ya udongo ikajaa hosteli nzima. Gwakisa anasema Chimala bado ni kavu, lakini vitalu vya mpunga viko tayari. Maharage yaliungua.

Jumanne, 3 Desemba

Leo naandika kwa hasira, mwandiko utakuwa mbaya.

Tulikuwa na zoezi la sindano ya msuli kwa mdoli. Mkufunzi wa vitendo ni Madam Andendekisye, binti wa miaka ishirini na saba hivi, mgongo umenyooka kama amefungwa ubao, hacheki. Happy alimchoma mdoli akamwomba radhi. Mimi nilijiambia, leo ndiyo siku yangu. Nimechoma watoto wa Chimala, wazee, walevi, hata askari mmoja aliyezimia kabla sijamgusa. Basi nikanawa mikono, nikavuta dawa, nikatoa hewa, nikachoma, nikachomoa. Nikasikia mtu nyuma anasema hii sasa ndiyo kazi. Kisha nikachukua kifuniko kwa mkono wa kushoto, nikaifunika sindano kama nilivyozoea siku zote.

"Simama hapo hapo," Madam akasema. Akalitazama darasa. "Nani ameona kosa?"

Rozalia peke yake ndiye aliyeliona, na machozi yalikuwa yanamlengalenga, maana hakutaka kusema. Madam akalisema yeye. Sindano iliyotumika haifunikwi. Inakwenda moja kwa moja kwenye boksi la njano. Ukiifunika, siku moja itapita pembeni ya kifuniko, na hapo ugonjwa wa mgonjwa unakuwa wako. Akaandika sifuri.

Nilipaswa kunyamaza. Nikasema, "Madam, nafanya hivi tangu wewe uko darasa la tatu."

Akajibu taratibu, "Basi umekuwa na bahati tangu niko darasa la tatu."

Hakuna aliyecheka. Ingekuwa afadhali wangecheka.

Nilikwenda chumbani nikaanza kupanga nguo kwenye begi. Nikampigia Gwakisa, nikamwambia narudi, mpunga unanihitaji, hapa ni pa watoto. Hakunikatisha. Nilipomaliza akaniuliza kitu kimoja tu: "Na hiyo sindano, ni kweli haitakiwi kufunikwa?"

Nilikuwa nimekumbuka kitu ambacho kwa miaka kumi nimekikwepa. Mwaka 2014 nilijichoma kidole, hivi hivi, nikifunika. Mgonjwa yule alikuwa na virusi vya UKIMWI. Nilimeza vidonge siku ishirini na nane, nikivificha ndani ya mfuko wa chumvi, nalala nimeelekea ukutani ili mume wangu asiniguse wala asiniulize. Nikapona, kwa maana ya kwamba sikupata kitu. Na wiki iliyofuata nikaendelea kufunika sindano vilevile, kwa sababu ndivyo nilivyoonyeshwa na aliyenitangulia.

Nimemwambia leo, kwenye simu, nimekaa juu ya begi.

"Kumbe ndiyo ule mwezi uliosema una malaria isiyoisha," akasema.

"Ndiyo."

"Ulikaa nalo peke yako."

"Ndiyo."

Nikamsikia anavuta pumzi. "Rudi darasani, Mama Sekela. Huyo binti yuko sahihi, na mimi nataka awe sahihi. Mpunga haujui kama hupo."

Nimelia, lakini si kilio kibaya. Begi nimelirudisha uvunguni. Rozalia aliingia na kikombe cha chai, akakiweka mezani, akatoka.

4 Desemba

Nilimfuata Madam Andendekisye ofisini asubuhi, nikamwomba radhi kwa yale maneno ya darasa la tatu. Nikamsimulia na habari ya kidole. Akasema jambo ambalo sikulitegemea.

"Mikono yako ni mizuri kuliko yangu. Ndiyo maana sikukuachia. Wale watoto hawaniangalii mimi, wanakuangalia wewe. Wewe ukikosea, wanakosea arobaini."

Nilimwona mgumu. Sasa namwona kama mtu aliyepewa kazi ya kumkosoa mama wa makamo mbele ya watu, akaifanya. Sijui kama mimi ningeweza nikiwa na umri wake.

6 Desemba

Happy amekusanya vifuniko vyote vya kalamu chumbani akavificha. Anasema tunaanzia huko, mpaka mkono wangu wa kushoto usahau. Mashuka yangu yana wino.

9 Desemba

Mvua.

10 Desemba

Mvua. Jaribio la pili la Anatomia: hamsini na nne. Happy alipiga kigelegele kwenye korido, akaonywa na matroni.

Alhamisi, 26 Desemba. Chimala

Likizo fupi. Nilifika nyumbani Jumatatu, nikakuta Gwakisa amevaa kanga yangu kiunoni, anakoroga sufuria, na binti yetu Sekela amekaa anasoma. Zamani ingekuwa kinyume. Maharage ni mazuri. Si mazuri kwa kumfariji, ni mazuri kweli, ameweka nazi na kitunguu kingi. Nilipotaka kuongeza chumvi alinishika mkono.

Tumepanda mpunga siku mbili, maji yakitufika nusu ya muundi. Nilikuwa nataja mifupa ya mguu kwa sauti kila ninapochomoa mguu kwenye tope. Majirani wanaamini chuo kimenichanganya.

Jumatatu, 13 Januari

Tumeanza wodini. Tumepangwa kwenye hospitali moja hapa mkoani, wiki tatu. Mimi, Happy na Rozalia tuko wodi ya wanawake. Sare nyeupe. Nimejitazama kwenye kioo cha choo mara nne.

14 Januari

Huku mambo yamegeuka. Darasani wao ndio waliokuwa wananivuta, hapa wananing'ang'ania kama vifaranga. Happy aliyemaliza maneno yote ya Mbeya, leo mgonjwa alimuuliza saa, akashindwa kujibu.

Rozalia amepewa bibi mmoja wa Kihehe, mzee sana, moyo umechoka. Bibi hajui Kiswahili cha kutosha, na Kibena cha Rozalia kinakaribiana na Kihehe chake, basi wakawa wanaelewana. Nilipita nikawakuta wanacheka. Sikuwahi kumwona Rozalia anacheka kwa meno yote.

Alhamisi, 16 Januari

Bibi amefariki leo asubuhi, saa tatu kasoro, wakati wa raundi.

Hakukuwa na kosa la mtu. Daktari alikwishawaambia ndugu. Rozalia alikuwa amemwogesha jana na kumsuka misuko miwili ya pembeni, kwa sababu bibi alisema hataki kulala kama kichaka. Leo alikuja na mafuta ya nazi kwenye kichupa kwa ajili ya miguu yake, akakuta shuka limefunikwa mpaka juu.

Nilikuwa upande wa pili nafunga kidonda. Nilipomaliza, Rozalia hayupo. Chooni hayupo, stoo hayupo. Happy akasema amemwona anavuka geti na sare yake. Nikamwomba ruhusa muuguzi wa zamu, nikachukua bodaboda mpaka stendi, na mvua ilikuwa inanyesha ile nyembamba isiyokwisha.

Nilimkuta kwenye benchi la abiria wa kwenda Makambako, amelowa, kichupa cha mafuta bado kimo mkononi. Nikakaa pembeni yake. Sikuwa na hotuba. Nikamwambia tu kwamba wa kwangu wa kwanza kufariki alikuwa mtoto wa miezi minane, na kwamba siku ile nilikimbia nikajificha kwenye ghala la mpunga siku mbili, mama yangu akinipitishia chakula kwenye upenyo wa mlango.

"Ulirudije?" akauliza.

"Sikurudi kwa ushujaa. Nilirudi kwa sababu ndoo zilikuwa chafu na hakuna mwingine wa kuzisugua."

Akatabasamu kidogo, kisha akalia vizuri sasa, kwa sauti. Akaniambia jana wakati anamwogesha, bibi alimwambia maji ni mazuri. Akarudia mara tatu: maji ni mazuri, mjukuu wangu. Na yeye Rozalia alikuwa anafikiri, kesho nitampashia ya moto zaidi.

"Mimi sifai, Da Esnath. Nitakuwa nawapenda, halafu wanakufa."

Niliufikiria mguu wa yule mtoto wa miezi minane, ambao bado naukumbuka. Nikasema, "Bibi alikaa wodini siku tisa. Siku nane alikuwa mgonjwa wa kitanda namba sita. Ya tisa alikuwa mtu aliyesukwa nywele. Mimi tangu tuanze nilipita pale kila siku, sikulifikiria hilo. Wewe ulilifikiria."

Basi la Makambako likaja, likapiga honi, likajaza, likaondoka. Lilipopotea kwenye kona Rozalia akasimama, akakamua pindo la sare yake, akasema tutakuwa tumechelewa kupima presha za saa sita.

Wodini tulimkuta binti wa marehemu, mama mtu mzima, anakusanya vitenge. Aliuliza ni nani aliyemsuka mama yake. Rozalia akanyoosha kidole kama mtoto wa shule. Yule mama akamkumbatia na sare yake iliyolowa, wakazungumza kwa lugha zao mbili, sikuelewa neno. Mwisho Rozalia akampa kichupa cha mafuta. Yule mama akaenda kumpaka miguu mama yake.

17 Januari

Rozalia amewahi kuamka kuliko sisi wote. Amepiga pasi sare tatu.

30 Januari

Happy ameshuhudia mtoto anazaliwa. Amezimia. Alipozinduka aliuliza ni wa kike au wa kiume, akazimia tena. Sasa chuo kizima kinamwita Mjomba, sijui kwa nini, na yeye anafurahia.

10 Februari

Mitihani. Sina muda wa kuandika.

Jumanne, 18 Februari

Mtihani wa vitendo. Vituo kumi, dakika tano kila kimoja, kengele ikilia unahama. Kituo cha saba kilikuwa sindano, na aliyesimama na karatasi ya maksi ni Madam Andendekisye. Nilichoma, nikachomoa. Mkono wa kushoto ukainuka wenyewe nusu ya njia, nikautazama, ukashuka. Sindano ikaingia kwenye boksi la njano. Madam aliandika, na kalamu yake haikuwa na kifuniko, nikajikuta nakaribia kucheka.

Ijumaa, 28 Februari

Matokeo yamebandikwa ubaoni. Happy ndiye aliyepenya umati, kwa vile ni mwembamba na hana aibu. Akasoma kwa sauti ya juu kama mnadani. Rozalia wa kwanza darasa zima. Happy amefaulu yote, Farmakolojia kwa kukwangua. Esnath: Anatomia sitini na moja, vitendo tisini na mbili. Sina saplimentari hata moja, sirudii mtihani wowote.

Nilimpigia Gwakisa. Akasema subiri kidogo, nikasikia anatoka nje, kisha nikamsikia anawatangazia majirani uwanjani, kwa sauti ile anayotumia kufukuzia ndege shambani. Nilisubiri kwenye simu mpaka akamaliza.

Jumamosi, 1 Machi

Naandika ndani ya basi, herufi zinaruka.

Tumeondoka asubuhi na Rozalia, Happy amebaki siku mbili kwa shangazi yake. Njia nzima kuanzia Mafinga ni ukungu na kijani, mahindi yamesimama mpaka barabarani. Tulipofika Nyololo Rozalia aliteremka kwenda kudai begi lake kwenye buti, akaniambia mama yake amekuja kumpokea na anataka sana kunisalimia. Nikabaki kitini dirishani.

Akaja mwanamke mwenye beseni la mahindi ya kuchemsha, kijana, mrembo, macho ya Rozalia yaleyale. Hawezi kuwa amefikisha arobaini. Alinyanyua uso akayatazama madirisha moja moja, akafika kwangu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu."

"Samahani mama, namtafuta binti mmoja humu ndani, anasoma na mwanangu. Anaitwa Esnath."

"Ni mimi," nikasema.

Akatazama nyuma ya bega langu, kama mtu anayengoja niondoke aonekane mwenyewe. "Esnath yule rafiki yake Roza," akasema. "Wanayekaa chumba kimoja. Wanayebandikana makaratasi."

"Ndiye mimi."

Rozalia akawa amefika na begi kichwani. Mama yake akamgeukia akamsemesha Kibena, haraka haraka, na Rozalia akamjibu neno moja tu. Yule mwanamke akafunika mdomo kwa mkono, mabega yakitikisika. Kisha akaweka beseni chini, akanyoosha mikono yote miwili akanishika wangu pale dirishani, asiuachie, na kwa mkono wa pili nikapokea kwa Rozalia mahindi sita ya moto ndani ya gazeti.

Nikamuuliza Rozalia mama anasemaje.

"Ananiuliza muhula mzima kwa nini sikumwambia kwamba wewe ni mtu mzima."

"Ukamjibu nini?"

Rozalia alitazama chini, akaona haya, akatabasamu kwa meno yote.

"Nimemwambia sikukumbuka."

Konda akagonga bati, basi likaondoka. Nimecheka peke yangu mpaka Makambako.